Mboga za Friza Nilizomlisha Ozella

Sehemu ya Tano

Tangu Jumapili iliyopita barua zenu zimenifikia. Mmoja ameniita mwongo, nami sina la kubisha. Mama mmoja ameuliza: mwanaume mzima, mwenye mvi zake, unamwogopaje shemeji yako mpaka unaficha pakiti ya mboga kama mtu anayeficha bangi?

Mama, wewe humjui Vernell.

Kwa aliyenikuta leo, naitwa Alton Purifoy, mstaafu wa kiwanda cha vioo hapa Toledo. Mwezi wa tisa mke wangu Ozella aliwekewa vali ya chuma kwenye moyo. Tangu hapo kila jioni anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikiwa nzito inaganda kwenye ile vali, na mtu anapooza au anakufa. Ikiwa nyepesi mno, inavuja ndani kwa ndani.

Hatukujaliwa mtoto. Jiko likaniangukia mimi, ambaye kwa miaka arobaini na moja ya ndoa sikuwahi kuchemsha hata yai.

Nesi wa kliniki alitupa sharti moja la chakula. Majani ya kijani ale, ila kwa kiasi kilekile kila siku, kikombe kimoja, maana majani nayo yanaigandisha damu. Akizidisha, dawa inazidiwa nguvu. Akipunguza, dawa inatawala.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi duka la mboga la mtaani lilivyofungwa, jinsi gari langu lilivyokufa injini, na jinsi nilivyoanza kununua sukuma ya friza kwenye duka la kona, kwa siri. Siri ya nini? Kwa sababu Vernell, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa ameapa mbele ya sahani zetu za Krismasi.

"Shemeji, siku nikikuta umemlisha mdogo wangu vitu vya pakiti, nafungasha nguo zake, anahamia kwangu. Mgonjwa anakula kilichotoka ardhini, siyo kilichotoka kwenye barafu."

Na Vernell hasemi kitu mara mbili.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

*

Jumanne moja Vernell alitupeleka kliniki kwa gari lake. Kama kawaida yake, aliingia na sisi mpaka chumba cha nesi.

Nesi Halina alimtoboa Ozella kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine chake. Akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Moja nukta sita," alisema. "Nataka iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Namba ikiwa ndogo hivi, damu imekuwa nzito, mama. Umeruka dawa?"

"Hata siku moja," Ozella alijibu. "Huyu hapa ananisimamia kama askari magereza."

"Chakula je? Mzee Purifoy, mpishi ni wewe. Kuna kitu umebadilisha?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Pembeni yangu Vernell alikuwa amekumbatia mkoba wake, macho kwangu.

"Hakuna," nikasema.

"Majani?"

"Kikombe kimoja kila siku. Kama ulivyotuambia."

"Aina ileile?"

"Sukuma. Ileile."

Kila neno nililotamka lilikuwa kweli. Kikombe kilikuwa kimoja, sukuma ilikuwa sukuma. Na bado nilikuwa nadanganya, na moyo wangu ulijua.

Nesi Halina akaandika. "Basi ni mwili wake tu umebadilika. Tunaongeza dawa. Kutoka kidonge kimoja, kimoja na nusu."

Kwenye gari Vernell hakuwasha redio. Nilijua ananitafuta.

"Shemeji, hiyo sukuma unaipata wapi siku hizi? Mimi nimezunguka mji mzima. Majani yote yamelegea kama masikio ya mbwa mzee."

"Kuna jamaa ananiletea."

"Jamaa gani?"

"Tulifanya naye kazi kiwandani."

"Ana jina?"

"Vernell," Ozella aliingilia kutoka kiti cha mbele, "unamhoji mume wangu kama amekuibia kuku. Tazama barabara, kuna barafu."

Ozella akanitazama kwenye kioo, akanikonyeza. Alidhani ananiokoa.

*

Mnataka kujua nilipikaje? Nilisubiri asinzie mbele ya televisheni. Pakiti nilikuwa naificha chini kabisa ya friza, ndani ya boksi la aiskrimu. Naimimina kwenye kikombe cha kupimia, inalia kama kokoto. Kwenye sufuria tayari kuna kitunguu na shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Hakuna kuosha mchanga, hakuna kuchambua mishipa ya majani kwa vidole hivi vyangu vilivyopinda kwa baridi yabisi. Dakika ishirini, chakula mezani.

Kusema kweli, niliipenda. Zile mbichi nilizopata mwanzoni nusu yake zilikuwa za kutupa. Za friza hazikuwa na uchafu wala unjano.

"Alton," Ozella alisema jioni ile, "siku hizi sukuma yako imelainika. Umekuwa fundi."

"Najitahidi, mama."

"Na unanipakulia kama binadamu. Zamani ulikuwa unanipa vijiko viwili, mtu anajiuliza hii ni mboga au ni dawa ya minyoo."

Nilicheka. Nilifurahi! Kweli, kikombe cha majani mabichi kilikuwa kikiingia motoni kinanywea mpaka kinakuwa kama utani. Kikombe cha friza kilikuwa kinajaza sahani. Nikaona hiyo ni baraka. Mgonjwa anashiba, shida iko wapi?

Mwenzenu nilikuwa naona kwa macho kabisa kitu kilichokuwa kinamuua, na nikakiita baraka.

Mara tatu wiki ile nilishika simu nimpigie Nesi Halina. Mara ya kwanza Ozella aliamka. Mara ya pili nilisikia sauti ya mashine ikiniambia nisubiri, nikakata. Mara ya tatu hakuna aliyeamka na simu ilipokelewa.

"Kliniki, habari?"

Nikarudisha simu polepole, kama nilikuwa nimepiga kwa makosa.

Jumanne iliyofuata kimashine kilisoma moja nukta nane.

"Mwili wako mgumu, mama," Nesi Halina alisema, akionyesha wasiwasi kwa mara ya kwanza. "Mzee, una uhakika na chakula?"

"Nina uhakika," nikasema. Mara hii sikuhitaji hata kufikiri.

"Basi vidonge viwili."

*

Jumamosi Vernell alifika bila kupiga hodi. Alikuwa amebeba kreti kwa mikono miwili, theluji imemjaa kwenye kofia.

"Shemasi Gaither amejenga banda la plastiki nyuma ya nyumba yake, ameweka hita, anaotesha mboga ndani," alisema akiitua kreti mezani. "Tazama! Tazama, shemeji!"

Sukuma mbichi. Majani mapana, mishipa imekakamaa, udongo bado kwenye shina. Ozella alichukua jani moja akalinusa, akafumba macho.

"Linanukia kama kwa mama," alisema. Wao ni watoto wa Alabama.

"Nitaleta kreti kila wiki," Vernell aliniambia. "Huyo jamaa yako wa kiwandani mwambie apumzike."

Wasomaji, niwaambie nilivyojisikia? Nilijisikia kama mfungwa aliyefunguliwa mlango. Uongo umekwisha! Sikuungama, sikuaibika, na sasa Ozella atakula mboga halisi. Jioni ile nilitoa pakiti zote nne kwenye boksi la aiskrimu, nikavuka barabara, nikazitupa kwenye pipa la jirani.

Halafu nikaosha sukuma ya Shemasi Gaither, nikaikata, nikapima kikombe kimoja. Kikanywea kikawa vijiko viwili.

"Tumerudi kwenye dawa ya minyoo," Ozella alitania.

Nikampa na vidonge vyake viwili.

Hebu rudini nyuma kidogo mnielewe. Vile vidonge viwili viliwekwa vipambane na majani ya friza. Majani ya friza sasa yako kwenye pipa la jirani. Vidonge havina tena wa kupambana naye. Siku niliyoacha kumdanganya mke wangu ndiyo siku niliyoanza kumuua upya, kwa upande wa pili.

Sikujua. Naapa sikujua.

Jumanne iliyofuata dhoruba ya theluji ililala juu ya mji. Kliniki ilifungwa. Tukapigiwa simu twende wiki inayofuata.

Siku ya tano tangu kreti ije niliona doa la zambarau kwenye mkono wake.

"Umejigonga wapi?"

"Sijui. Labda kwenye kitasa."

Siku ya saba mswaki wake ulikuwa mwekundu.

"Anapiga mswaki kama anasugua sufuria," Vernell alisema. "Mdogo wangu, taratibu."

Siku ya tisa madoa yalikuwa mikono yote miwili, na moja pajani, kubwa kama sahani ya chai. Nilitaka kupiga kliniki. Ozella akasema Jumanne si keshokutwa tu, tusubiri.

Nikasubiri. Kusubiri nilikuwa nimekuzoea.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa jikoni akinitazama nikichambua majani. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Alton, kichwa kinapasuka."

Akatapika kahawa yote kwenye fulana yangu.

*

Vernell alitukimbiza hospitali kwa gari lake, wakamwingiza ndani kwa kitanda cha magurudumu. Mimi na Vernell tukabaki kwenye viti vya plastiki. Saa moja baadaye alitoka daktari, mwanamke mwenye nywele fupi. Dokta Brandt, alijitambulisha.

"Kipimo cha damu yake ni tisa nukta mbili."

"Tisa?" niliuliza. "Si walitaka tatu?"

"Walitaka tatu. Damu yake sasa ni kama maji. Kuna sehemu imevuja ndani ya fuvu, bado ni kidogo. Tunampa dawa ya kuigandisha, tunamwangalia kwa karibu. Anaongea, anatambua watu. Lakini lazima nijue hii imetokea vipi. Kuna mabadiliko yoyote? Chakula, dawa za kienyeji, chochote?"

Nilikuwa karibu kusema. Nawaapia, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Vernell akanitangulia.

"Mimi," alisema.

Sote tukamgeukia. Uso wake, ule uso ambao sijawahi kuuona ukitetemeka hata kwenye mazishi ya mama yake, ulikuwa unatetemeka.

"Nimekuwa nampa kijiko kimoja cha siki iliyolowekwa kitunguu saumu. Tangu mwezi uliopita. Mama yetu alitunywesha hivyo. Niliona anadhoofika. Nilimwambia asimwambie mtu."

"Kitunguu saumu kinaongeza nguvu ya ile dawa, mama," Dokta Brandt alisema. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. "Kwa mtu kama yeye ni hatari sana. Kwa nini hukuwaambia kliniki?"

"Nilidhani ni chakula tu."

Daktari akaandika, akarudi ndani.

Vernell alianguka kwenye kiti. Mkoba ukadondoka, vitu vikatawanyika sakafuni, miwani, pipi za kikohozi, kitabu cha nyimbo. Hakuviokota.

"Nimemuua mdogo wangu," alisema. "Shemeji, nimemuua Ozella kwa kijiko."

Na mimi nilifanya nini?

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote katika hadithi hii. Nilipiga magoti, nikamwokotea vitu vyake kimoja kimoja. Nikavirudisha kwenye mkoba. Nikamshika bega.

"Pole, shemeji," nikasema. "Hukujua."

*

Mchana Nesi Halina alishuka kutoka kliniki yake ya ghorofa ya tatu, faili la Ozella mkononi. Vernell alikuwa ameruhusiwa kuingia kumwona dada yake. Nilikuwa peke yangu.

"Nimesikia habari ya kitunguu saumu," alisema akikaa. "Inaweza kuwa. Lakini kijiko kimoja? Kutoka moja nukta nane mpaka tisa? Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, mzee. Hesabu hainikubali."

Nikatazama viatu vyangu.

"Akipona, lazima arudi kwenye dawa, maana vali ya chuma haina mchezo," aliendelea. "Swali ni kiasi gani. Kama tatizo lilikuwa kitunguu saumu, tunakiondoa, anarudi kwenye vidonge vyake viwili."

"Na kama silo?"

"Kama silo, vidonge viwili vitamrudisha palepale alipo. Au vitampeleka mahali ambapo Dokta Brandt hawezi kumfuata."

Alijua nina kitu nakificha. Wale watu wanajua.

"Nesi," nikasema, "kikombe cha sukuma ya friza na kikombe cha sukuma mbichi, vinatofautiana?"

Akafunga faili.

"Ya friza imeshapitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa. Imeshanywea. Kikombe kimoja cha ile ni sawa na vikombe vinne, vitano, hata sita vya majani mabichi. Ulimpa lini?"

"Tangu baada ya Krismasi. Wiki sita."

"Na uliacha lini?"

"Siku kumi zilizopita. Ghafla."

Aliziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona akihesabu, wiki sita, siku kumi, kidonge kimoja na nusu, viwili.

"Mimi ndiye niliyempandishia dawa," alisema polepole. "Nilimpandishia kwa neno lako."

"Niliona aibu. Kila mtu anasema za friza ni mbaya, ni za wavivu, hazina kitu."

"Nani kakwambia ni mbaya? Mimi nyumbani nakula za friza wiki nzima! Zinavunwa zikiwa zimekomaa, zinagandishwa siku hiyohiyo. Wakati mwingine ni bora kuliko hizo mbichi zilizosafiri wiki mbili kwenye lori. Hazikuwa na kosa lolote, mzee. Ungeniambia, ningekwambia pima robo kikombe. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Simu ya dakika moja."

Nililia. Nina miaka sitini na tisa, nililia kwa sauti mpaka mtu aliyekuwa akisubiri na mguu wenye plasta akahamia kiti cha mbali.

"Nitamwambia Dokta Brandt sasa hivi," Nesi Halina alisema akisimama. "Mkeo na dada yake utawaambia mwenyewe."

*

Ozella alikuwa ameegemea mito miwili, mrija mkononi, uso umepauka. Vernell alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso kwenye shuka, anaomba msamaha kwa mara ya ngapi sijui.

"Amka, dada, magoti yako mabovu," Ozella alikuwa akimwambia. Akaniona. "Mzee wangu. Mwambie huyu ainuke."

"Inuka, Vernell," nikasema. "Siyo wewe. Ni mimi."

Nikasema yote, pakiti, boksi la aiskrimu, jamaa wa kiwandani ambaye hakuwepo, pipa la jirani, na kile kikombe. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilipomaliza, nikamgeukia Vernell.

Nilitazamia anirukie. Nilitaka anirukie. Hakufanya hivyo. Aliinuka taratibu akishika ukingo wa kitanda, akanitazama.

"Ulinishika bega, Alton."

Miaka arobaini na moja ananiita shemeji. Ndiyo siku ya kwanza kuniita kwa jina.

"Nilikuwa nakufa pale kwenye kiti," alisema, "na wewe ukanishika bega."

Nikainamisha kichwa.

Ozella alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, macho yakiwa yamefumbwa bado:

"Kwani mimi ningeikataa? Mimi mtoto niliyekulia kwenye kula kilichopo? Mbichi, kavu, ya kopo, ya friza, ningekula. Uliogopa nini?"

"Niliogopa Vernell atakuchukua."

"Mimi ni mbuzi, nichukuliwe?"

Vernell akaanza kusema kitu, Ozella akainua kidole.

"Na wewe nyamaza. Nyie wawili mmepigania sahani yangu tangu nitoke hospitali. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Ozella, unataka kula nini."

Nesi Halina alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu. Ozella akamwona.

"Nesi, ile karatasi niliyojaza kabla ya kuwekewa vali. Ya mtu wa kuniamulia nikizidiwa."

"Ipo kwenye faili, mama."

"Ina jina la mume wangu. Lifute. Andika Vernell."

"Ozella," nikasema.

"Nakupenda, Alton. Sijaacha na sitaacha. Lakini Vernell alifanya upumbavu akausema. Wewe ulifanya upumbavu ukauficha, na mwenzako alipobebeshwa ukamtazama tu akiubeba." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Mtu wa kunishikia roho yangu awe yule anayesema. Nipe kalamu, nesi."

Akaandika. Jina lilisomeka. Halafu akasema anataka kupumzika, na kwamba nisubiri nje.

Nikatoka. Nikakaa kwenye kiti kilekile cha plastiki.

*

Haikupita nusu saa. Kengele ililia ndani ya kile chumba. Wauguzi wawili walinipita mbio, kisha Dokta Brandt, koti linapepea. Mlango ukafunguka, Vernell akasukumwa nje kwa upole, mkono kifuani.

"Alikuwa anaongea na mimi," aliniambia. "Alikuwa katikati ya neno. Mdomo ukapinda upande mmoja."

Dokta Brandt alitoka na karatasi.

"Damu imeongezeka kwenye fuvu, inabana ubongo. Hajitambui. Tunaweza kumfungua kichwa sasa, tuitoe. Anaweza kupona. Anaweza kufia mezani. Tukiacha bila kumfungua, sidhani kama ataamka. Nahitaji sahihi."

"Mimi ni mume wake," nikasema, nikanyoosha mkono.

Hakunitazama. Alimpa Vernell karatasi na kalamu.

"Nina dakika tano, mama. Siyo sita."

Vernell alisoma. Midomo yake ilikuwa inasoma neno kwa neno. Kisha akainua uso, na badala ya kumtazama daktari akanitazama mimi.

"Sijui," alisema. "Sijui angetaka nini. Wewe ndiye unayelala naye. Aliwahi kukwambia? Kuhusu kufunguliwa tena, aliwahi kukwambia chochote?"

Aliwahi.

Usiku wa tatu baada ya kuwekewa vali, akiwa na mishono kuanzia kooni mpaka chini ya kifua, alinishika mkono na kuniambia: Alton, wasinipasue tena. Iwe iwavyo. Kisu hiki kilikuwa cha mwisho. Akanitaka niahidi, nami nikaahidi. Hakumwambia mtu mwingine duniani. Sijui kama yalikuwa maneno ya maumivu au ya moyo wake wote. Hatukuyazungumza tena.

Nikisema kweli, Vernell hatatia sahihi, na mke wangu hataamka.

Nikidanganya mara moja tu, neno moja, labda nitamsikia tena akinitania mezani.

"Dakika tatu," Dokta Brandt alisema.

Vernell alinisogelea mpaka nikaona machozi yamekauka kwenye kona za macho yake. Kalamu ilikuwa wazi, imegusa karatasi.

"Alton, safari hii usinidanganye. Alisema nini?"

Nikafungua mdomo.

(Itaendelea Jumapili ijayo.)